Anza na chambo, Ramadhani

Dallas, Texas
12 Oktoba

Ndugu yangu Ramadhani,

Asalaam aleykum. Huku hatujambo. Mama watoto anakusalimu, na yule mtoto uliyemwacha anatambaa sasa ananipita kwa urefu.

Picha za fimbo za kuvulia samaki ulizozipiga kule dukani Houston nimezipata, zote kumi na moja. Nilicheka peke yangu usiku, maana umeanza palepale nilipoanzia mimi: kwenye ukuta wa fimbo. Toka hapo, bwana. Nenda kwanza kwenye vyambo, chagua unachotaka kurusha, kishike mkononi, ndipo urudi kwenye fimbo.

Kule Lake Fork, ziwa la huku Texas nitakakokupeleka, chakula kikubwa cha besi, samaki tutakayemfuata, ni samaki mdogo wa fedha anayeitwa shad. Ukimwona utasema "dagaa!" na hutakuwa umekosea sana, kwani ni jamaa wa karibu wa dagaa wetu wa Kigoma. Na besi anavyomwinda ndivyo hasa mgebuka wa Ziwa Tanganyika anavyofanya kwa dagaa: anawabana, anawasukuma juu, maji yanachemka kidogo, halafu kimya. Msimu huu makundi ya shad yanaingia kwenye vijito vya ziwa na besi yuko nyuma yao. Ile plastiki laini yenye mkia kama kasia, ambayo uliniuliza kama ni mdoli wa watoto, ni dagaa wa bandia. Ukiivuta taratibu mkia unapiga kulia na kushoto, na mtikisiko wake unapanda kwenye mshipi mpaka kiganjani. Usipousikia, ama unavuta pole mno, ama umenasa jani.

Sasa uzito. Juu ya kishikio cha kila fimbo pameandikwa uzito inaoweza kurusha, kwa wakia (hawa bado wanapima kwa wakia na ratili, utazoea). Watu husoma uzito wa kile kichwa cha risasi chenye ndoana, wakasahau kwamba plastiki nayo ni mzigo. Kichwa cha nusu wakia ukikivisha plastiki ya inchi 5 unakaribia wakia nzima. Ile fimbo nyeusi uliyoipenda, picha ya saba, mwisho wake ni 5/8 ya wakia. Itarusha, ndiyo, lakini kila ukirusha utakuwa unaiombea dua.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua plastiki za inchi 3 hadi 4, vichwa vya robo wakia na vya 3/8, basi. Zile kubwa za inchi 8 zina dunia yake: fimbo ya karibu futi 8, mshipi wa ratili 20 au 25 (ndio uzito unaouhimili kabla ya kukatika), na bega la mpiga makasia. Ziache kwanza.

Kwa vyambo hivyo vidogo tafuta fimbo ya futi 7, iliyoandikwa medium, yaani ya ugumu wa kati, na inayokubali angalau 3/4 ya wakia. Ishike, mwambie mwenzako avute ncha taratibu, uangalie inapojikunjia. Ikikunjika pale nchani tu, na chini ikabaki kavu kama mpini wa jembe, irudishe. Unataka mkunjo ushuke mpaka karibu na katikati.

Hapo nilipata somo langu. Mwaka wangu wa kwanza muuzaji mmoja alinipa fimbo ngumu, rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) ya kasi ya 8:1 na mshipi wa kusuka wa ratili 65, akaniambia na papa atatoka. Asubuhi moja nikagongwa mara tatu na samaki wazuri, na mara zote tatu nikafanya tulichozoea kwenye mtumbwi: nikahisi, nikakwanyua. Watatu wote wakaondoka. Mkono wa mshipi, Ramadhani, ni mzuri kwa mgebuka aliye chini yako usiku kwenye taa. Kwa chambo hiki unakutia hasara. Besi anakivamia kikiwa kinaogelea. Ukikwanyua mapema unamnyang'anya, na fimbo ngumu yenye mshipi usiovutika inachana mdomo au inaing'oa ndoana. Ukigongwa endelea kuzungusha tu. Mshipi utakuwa mzito, fimbo itajikunja yenyewe, ndipo uivute kwa upande, bila hasira.

Rili nayo ikusaidie kwenda polepole. Kwenye zile rili zinazokaa juu ya fimbo kama kobe, namba kama 6:1 maana yake ukizungusha mkono wake mara moja, bobini inazunguka mara sita. Kwa hizo mimi natumia kati ya 5.4 na 6.4. Wanasema ukiwa na ya kasi utazungusha taratibu tu. Kwa maneno ni rahisi, lakini subiri uone samaki wanaruka mbele yako kama mkono utakutii. Ila wewe usianze na kobe. Ukikosea kuizuia bobini kwa dole gumba, mshipi unajifumba kama wavu uliopita kwenye mwamba, na utakesha unaufumua. Chukua ile inayoning'inia chini ya fimbo, saizi ya 3000, na pesa itakayobaki weka kwenye mshipi.

Mshipi wa kusuka wa ratili 15 unafaa kuijaza rili hiyo: mwembamba, unakwenda mbali, hauvutiki. Ubaya wake unaelea, na unaonekana. Kwa hiyo mbele yake funga pima moja ya florokaboni, aina nyingine ya mshipi, ya ratili 10 au 12. Hiyo inazama, na inavumilia kusuguana na miti, na Lake Fork ni msitu uliofunikwa na maji. Bwawa lilizibwa mwaka 1980 na magogo mengi yakaachwa yamesimama. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Florokaboni ikikazwa kavu inapata moto wa msuguano na kudhoofika, na utalijua hilo siku ya samaki mkubwa. Na wakubwa wapo: rekodi ya Texas ilitoka humo humo Januari 1992, ratili 18.18, yaani kilo 8 na robo hivi.

Leseni usisahau. Ya kawaida ya mwaka inakwisha 31 Agosti, kwa hiyo kama ni ile uliyonionyesha wakati wa Idi, imeshakufa. Pia pale Fork besi mwenye inchi 16 hadi 24 lazima arudishwe majini, na aliyezidi hapo unaruhusiwa mmoja tu kwa siku. Huyo mmoja mimi bado namtafuta.

Njoo Ijumaa jioni, tutoke saa kumi alfajiri. Shemeji mwambie asitegemee kitoweo kutoka ziwani. Dada alipata mtu wa kumpa mzigo kutoka Ujiji, na ndani yake kuna dagaa kilo mbili. Tutakaanga hao.

Wako,
Issa