Tusiyamalize kifamilia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walimu wenzangu juu ya kauli moja inayowaumiza watoto wetu, itolewayo ndugu anapomfanyia mtoto ukatili wa kingono: “haya tuyamalize kifamilia.”

Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha msichana wa darasa la tatu, mchangamfu, ambaye katika muhula mmoja alibadilika kabisa. Alivaa sweta mchana wa jua kali, akakalia ukingo wa dawati, na kengele ya kutoka ilipolia alitafuta kazi, mara afute ubao, mara apange madaftari, ili mradi asirudi nyumbani. Niliyaona yote hayo nikadhani ni aibu ya ukuaji. Alipomweleza shangazi yake, wazee walikaa vikao kwa siku nne, mtuhumiwa akaombewa msamaha kwa kuwa ni ndugu, na mtoto akafikishwa hospitali nguo zikiwa zimekwisha kufuliwa, na saa 72 za kuanza dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU zikiwa zimepita.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana tunawasahau mno. Dalili moja pekee haithibitishi kitu, lakini mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayemwogopa mtu mmoja tu nyumbani, au mwenye fedha asizoweza kueleza zilikotoka, anastahili kuulizwa kwa upole, faraghani, bila kumhoji kama mshtakiwa na bila kumwahidi kwamba itabaki siri.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hakisemi asubiri kikao cha ukoo. Afisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Mwanafunzi wangu alihamishiwa kwa bibi yake na sikumwona tena. Siku hizi mtoto akichelewa kuondoka darasani simpi ufagio. Nafunga madaftari, nakaa naye.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro