Kabla hujakubali giaboksi ifunguliwe

Dodoma

Ndugu yangu Mazengo,

Mbukwa! Barua yako nimeipata, na nafurahi nyote mu wazima huko Kondoa.

Kuhusu Land Rover Series III yako, mwambie fundi asubiri kwanza kufungua giaboksi. Mlio wa "ngo!" unaotoka ukiachia klachi, kisha ukajirudia ukiondoa mguu kwenye mafuta, wa kwanza kushukiwa ni mauntingi, vile vipande vya mpira vilivyogandishwa kwenye chuma vinavyobeba injini na giaboksi. Ziko nne: mbili ubavuni mwa injini, mbili chini ya giaboksi. Hizi za nyuma ndizo husahaulika, na ndizo zinazoloa oili.

Zisafishe kwa maji na sabuni. Mafuta ya taa huvimbisha mpira. Kisha weka kabari kwenye magurudumu, fungua boneti, mtu akae kwenye usukani akanyage breki ya mguu barabara, atie gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu mpaka injini ilemewe. Halafu rivasi. Wewe simama ubavuni, si mbele wala nyuma ya gari. Gia ya kwanza huinua upande wa kushoto wa injini, rivasi wa kulia. Kutikisika kidogo ni kawaida. Injini ikiruka na kugonga, mpira umeachana na chuma. Breki ya mkono haifai kwa kipimo hiki: imefungwa kwenye giaboksi yenyewe na hushika propela (ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu), hivyo nguvu huishia humohumo na injini haitainuka hata mauntingi ikiwa imekatika.

Mauntingi zikiwa nzima, zima gari na uache kabari pale pale, weka nyutro, shika propela uizungushe huku na huku. Vumbi la kutu jekundu kwenye krosi, kile kiungo cha mwisho wa propela, linatosha kuihukumu. Angalia pia bomba la moshi: likigusa chesisi (fremu ya gari) utaona sehemu inayong'aa.

Ukibadilisha mauntingi, badilisha zote nne. Chomoa waya hasi wa betri, legeza kishikio cha bomba la moshi, weka ubao mpana kati ya jeki na sampu (karai la oili chini ya injini), maana bati lake hubonyea upesi. Inua hadi uzito utoke tu, huku ukichungulia feni isiile rejeta. Nati usizikaze mapema. Shusha injini, iwashe ingurume dakika chache ijikalie, zima, ndipo ukaze. Ukikaza kabla, mpira hukaa umejipinda na mtetemo unabaki vilevile. Nati zikague tena baada ya wiki, hasa kwa barabara zenu za vumbi na mawimbi.

Dukani, bonyeza mpira kwa ukucha. Usioacha alama na wenye nyufa umekauka rafuni, hata kama boksi lake ni jipya. Na vipande vya tairi wanavyokata pale gereji sivitaki kabisa: havina bamba la chuma lililogandishwa kwenye mpira, nati hupasua na kupenya.

Shemeji na watoto nawasalimu. Nijulishe rivasi imeonyesha nini.

Ndugu yako,
Chilewa