Dada, msomee mwanao kabla hajapanda ndege

Shikamoo dada. Huku tuko salama, ila baridi ya Melbourne hapa Australia imeshaanza kuchapa. Nimefurahi mno kusikia mwanao kapata viza, sasa naomba msomee hii yote maana Kiingereza cha shule na hiki cha huku ni vitu viwili tofauti.

Kwanza wanakata maneno katikati wanabandika "o", alasiri ni "arvo", sheli ni "servo", mapumziko ya kazini ni "smoko" kwa sababu zamani ndo ulikuwa muda wa kuvuta sigara. Hayo atayazoea tu.

Ninalolipenda kuliko yote ni "furphy", yaani uvumi usio na kichwa wala miguu. Kulikuwa na mhunzi anaitwa John Furphy mji wa Shepparton, humuhumu jimbo letu la Victoria, akitengeneza matenki ya maji ya kukokotwa na farasi, jina lake limeandikwa kubwaaa ubavuni. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914 wanajeshi wa kambi ya Broadmeadows wakawa wanakusanyika kwenye hayo matenki, mmoja anasema tunapelekwa huku mwingine anasema kule, basi kila habari ya uongo ikapewa jina la tenki. Ni kama bombani kwetu asubuhi dada!

Halafu saiti atasikia "hard yakka", kazi ya kutoa jasho. Hiyo "yakka" si Kiingereza kabisa, ni ya Wayagara, wenyeji wa asili wa upande wa mji wa Brisbane. Hata "kangaroo" ni neno la Waguugu Yimithirr, wenyeji wengine wa kaskazini mwa jimbo la Queensland, msafara wa Kapteni Cook, yule baharia Mwingereza, ndo uliliandika 1770, na ile stori kwamba maana yake "sielewi" ni uongo, ni jina la mnyama mwenyewe. Hili linaniuma kwa kweli, watu wamenyang'anywa ardhi, lugha zao nyingi zimekufa, maneno yao kila mtu anayatumia na wao hawatajwi. Mwanao awataje.

La mwisho na la muhimu, akialikwa mahali akaambiwa "bring a plate" asiende na sahani tupu jamani, maana yake apike kitu aende nacho. Mfundishe pilau kabisa kabla hajaondoka. Msalimie mama, jumapili nitapiga.