Hata Uingereza polisi waliingia bungeni bila hati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mpinzani akikamatwa kisa kashika karatasi ya serikali, hawakosi wa kukuandikia eti Ulaya upuuzi huo hakuna. Jamani upo, na mimi nilikuwa hukohuko London ulipotokea.

2007 nilikuwa nalinda duka, shifti ya usiku, leseni ya ulinzi imening'inia mkononi maana sheria ya kule inataka ionekane. Mwezi wa 11 zikavuja karatasi za wizara ya mambo ya ndani, kumbe wahamiaji wasio na vibali kama 5,000 nao wamepewa leseni kama yangu, na waziri Jacqui Smith kajua miezi kadhaa nyuma akanyamaza. Basi msala ukatuangukia sisi weusi pale kazini, leo leta pasi kesho leta viza, wengine wakapotea wenyewe hata kabla ya kuulizwa. Kwa hiyo aliyezipeleka hizo karatasi kwa waandishi, mbunge wa Conservative, chama cha upinzani wakati huo, Damian Green, sina sababu yoyote ya kumpenda, nilimlaani sana yule bwana.

Ila walichokuja kumfanyia hapana. Tarehe 27/11/2008 polisi wa ugaidi, narudia, wa UGAIDI, wakamkamata wakakaa naye karibu masaa 9, wakapekua nyumbani kwake mpaka ofisini kwake ndani ya bunge. Na hiyo ya bungeni hawakuwa hata na hati ya mahakama, walimpa fomu ya kukubali Jill Pay, mama aliyekuwa anasimamia ulinzi wa bunge lao, akasaini imeisha, halafu ndo Spika Michael Martin anakuja kuwaambia wabunge kuwa polisi hawakumweleza mama wa watu kwamba anaweza kukataa.

Kosa lenyewe sasa. Sheria yao ya siri za serikali ya 1989 haigusi karatasi za aina ile, wakaenda kuchimbua kosa la zamani la kutumia vibaya ofisi ya umma, kwamba mbunge kala njama na Christopher Galley, kijana wa miaka 26 aliyekuwa karani pale wizarani, ndiye aliyekuwa anampa karatasi. Na waziri mkuu wa wakati huo Gordon Brown mwenyewe enzi zake za upinzani jina alilipata kwa karatasi za kuvuja! Tarehe 16/4/2009 mwendesha mashtaka mkuu Keir Starmer akasema hakuna kesi, zile hazikuwa siri za usalama wa nchi na hazikumweka mtu hatarini. Zilimuaibisha waziri tu.

Hapa ndo huwa nacheka peke yangu. Wiki moja kabla ya hapo, Bob Quick, bosi wa polisi aliyekuwa juu ya upelelezi ule, alishuka kwenye gari Downing Street, kwenye ofisi ya waziri mkuu, kabeba karatasi ya siri kwapani maandishi yako nje, wapiga picha wakaila yote, ikabidi watuhumiwa wa ugaidi wakakamatwe harakaharaka kabla ya muda uliopangwa, kesho yake akajiuzulu.

Nawaomba waandishi wako, mtu akikamatwa kwa nyaraka msiishie kutuandikia chama chake, tuambieni karatasi yenyewe ilisema nini na polisi waliingia na hati ya nani.

Galley alifukuzwa kazi. Green 2012 akapewa uwaziri, wa polisi.

Msomaji wako, Tanga