Maduka matatu, majibu matatu, ukuta mmoja wa Rau

Wiki iliyopita mama mmoja wa Rau, hapa Moshi, alitupigia simu sisi mafundi amekasirika. Tulikuwa tumempa hesabu ya kubomoa lipu ya sebuleni kwake, ambako rangi ya ukuta inabanduka, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita moja, akaona tunamtapeli. "Dukani wameniambia ni rangi tu, ninyi mnataka kunivunjia nyumba?" Malalamiko ya namna hii tunayapata kila masika yakiisha, kwa hiyo tuyajibu.

Mama alikuwa ameshapita maduka matatu ya vifaa hapa Moshi mjini. La kwanza walimwambia apige rangi ya mafuta, maji hayatapenya. La pili wakasema hapana, akwangue apige skimu, ule utando mwembamba wa kulainisha ukuta, ya jipsamu na saruji nyeupe, kisha rangi ya maji. La tatu wakamuuzia dawa ya kuzuia maji, ile ya kuchanganya kwenye lipu, wakamwambia aipake juu ya ukuta. Alinunua vyote.

Vijana wa kaunta si waongo. Rangi ya mafuta ni nzuri jikoni, ukuta ukiwa mkavu. Skimu nayo inataka ukuta mkavu. Dawa ile inafanya kazi ikiwa ndani ya lipu mpya. Ila anayekujibu amesikia "rangi inabanduka" huku wateja wengine watano wanamwita, na ukuta wako hajauona.

Sisi tukifika tunauliza kwanza kumeanza kubanduka wapi. Ikiwa ni juu karibu na dari, tunapanda kukagua bati na gata. Ikiwa ni chini, na ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, maji yanapanda kutoka ardhini. Unga huo ni chumvi: maji yanaibeba, yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Kwa Rau hatushangai, msitu wa pale wenyewe unaishi kwa maji ya ardhini.

Tukiwa na shaka tunabandika kipande cha nailoni cha futi mbili, tunaziba kingo zote kwa selotepu, tunakiacha siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta una maji. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani, fungua madirisha kabla hujanunua chochote.

Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji ndiyo njia ya mkato inayowatia watu hasara kuliko zote. Inayafungia maji njia ya kutokea, nayo yanazidi kupanda. Kaka mmoja wa Pasua aliirudia mara mbili. Alipoanza unyevu ulikuwa chini ya magoti. Tulipoitwa ulikuwa umeipita soketi. Siku mbili nzima tulikwangua rangi tu, kabla ya kugusa kazi yenyewe. Wanaosema bei yetu ni kubwa tunawaomba wahesabu na hizo siku mbili.

Turudi kwa mama. Tulizunguka nje tukaona. Alipotengeneza uwanja alimwaga kifusi, akatandaza pavingi hadi ukutani, ikapanda juu ya usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu. Karatasi ya DPC, ile inayolazwa chini ya ukuta kuzuia maji ya ardhini yasipande, ipo na haijachanika, lakini imezikwa, maji yanaingia ukutani juu yake. Hakuna ndoo ya rangi inayotibu hilo. Inatakiwa pavingi itolewe futi moja kutoka ukutani, udongo ushushwe chini ya DPC, uwekwe mtaro wa kokoto. Ndani, lipu iliyojaa chumvi itoke, ukuta ukauke, ndipo ipigwe lipu mpya.

Halafu tunasubiri wiki nne kabla ya rangi. Wengi wanatukasirikia hapo. Lipu mbichi bado ina maji na ukali wa saruji unaoila rangi, na hatutaki kupaka ukuta utakaotuita tena Desemba.

Ukaguzi tunatoza, na fedha hiyo tunaikata kwenye kazi ukitupa.

Mama amekubali tuanze na nje. Jumatatu tunang'oa pavingi. Ile ndoo ya rangi ya maji ya duka la pili tumemwomba aifunge vizuri aiweke stoo, itatumika.