Barua kwa mdogo wangu anayemnunulia bintiye vitabu

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Huku Amu, yaani Lamu, sote wazima, na mwanao ndiye mchangamfu kutushinda wote. Uliniuliza kwa simu umnunulie vitabu gani, maadamu sasa ameanza kusoma mwenyewe, nami nikakuahidi kukuandikia. Nimeona niandike hadharani, kwa kuwa swali lako ndilo ninaloulizwa na wazazi wengi walio mbali na watoto wao, walioko Mombasa, Nairobi hata Arabuni, na kila mmoja amejinyima ili atume vitabu nyumbani. Ni haki yao wajue la kutafuta.

Kwanza, kuna kitabu cha kusomewa na kuna kitabu cha kujisomea. Mwanao amelelewa na hadithi. Bibi yake humsimulia za Abunuwasi na za Sungura, ndefu, zenye vituko ndani ya vituko, na hapotezi hata kimoja. Ukiruka kipande atakurudisha. Masikio yake yana miaka saba ya mazoezi. Macho yake yameanza kazi juzi. Kwa hiyo kitabu anachokifuata vizuri akisomewa kiko mbali mno na kile anachoweza kukimaliza peke yake, na wazazi wengi hununua cha kwanza wakidhani ni cha pili.

Kile kitabu kikubwa cha picha za kupendeza ulichotuma Idi iliyopita ni kizuri, na namsomea usiku. Lakini alipokishika mwenyewe, alikutana na sentensi hii: "Wanakijiji walimkaribisha mgeni kwa shangwe." Akaweka kidole. Wa-na-ki-ji-ji, akapita. Akaja kwenye neno la pili, akasoma "wali", akasimama. Akaitazama picha kwa makini, kisha akaniuliza: "Shangazi, wali uko wapi?" Hakuwa amekosea. Herufi nne za mwanzo ni wali kweli, na yeye alikuwa akifanya lile tunalomtaka afanye, yaani kutafuta maana. Ni neno lenyewe lililokuwa refu kuliko pumzi yake.

Hapo ndipo penye shida ya usomaji wa Kiswahili, na vitabu vingi vinavyotungwa kwa haraka havipaangalii. Maandishi yetu ni mapole. Herufi husomeka kama ilivyo, silabi karibu zote huishia kwa irabu, na mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka neno lolote hata asilolijua. Mwanao pia amekwenda chuoni, yaani madrasa, tangu mdogo, kaanzia alifu kwa ujiti, kwa hivyo kuunganisha herufi si jambo geni kwake. Ila neno letu moja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo, vyote kwa pamoja. "Sitawaona" ni neno moja kwetu. Mwingereza huhitaji matano. Mtoto anayeanza hulazimika kuishika silabi ya kwanza kichwani mpaka afike ya saba, na akifika kwenye "sha" ile "wali" imeshampotea.

Kwa wenzetu shida ni nyingine. Tahajia ya Kiingereza haina huruma, na watoto wao hulazimika kuyazoea maneno mengi kwa sura, ndiyo maana waandishi wao wa vitabu vya kuanzia hubana idadi ya maneno. Dr. Seuss, mwandishi Mmarekani wa vitabu vya watoto, alipoandika The Cat in the Hat, iliyotoka 1957, alitumia maneno 236 tofauti katika kitabu kizima, yakijirudia na kujirudia. Ni kazi kubwa, na kwa Kiingereza ina sababu. Lakini ukihesabu maneno hivyo kwa Kiswahili utadanganyika, maana maneno thelathini tu, kila moja la silabi saba, yatamshinda mtoto ambaye angeyamudu mia ya silabi mbili na tatu.

Basi ukiingia duka la vitabu huko Nairobi, usisome jalada. Fungua katikati uangalie vitenzi. Ukiona "anakula", "alikuja", "analala", silabi nne tu, kitabu hicho kinamfaa. Ukiona "hawakumsikiliza" na "aliyemkimbilia", kirudishe kwenye rafu, mwakani utakinunua. Kisiwe pia na ng', mbw, dh na gh zilizorundikana ukurasa mmoja. Tena angalia mwisho wa mistari. Wachapishaji wengine hulikata neno refu mstari ukiisha, nusu juu nusu chini, na kwa mtoto anayeanza kusoma hilo ni kama kumkata mtu kauli. Sentensi na iishe kwenye ukurasa ilioanzia, chapa iwe kubwa, na maandishi yasipite juu ya picha.

Nambari za "kiwango" zilizoandikwa jaladani zisikuendeshe. Kila mchapishaji ana kipimo chake, na kiwango cha pili cha huyu chaweza kuwa cha nne cha yule. Vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza ndivyo vya kuangaliwa zaidi, kwa sababu mara nyingi kiwango kilipimwa kwa Kiingereza, maneno yakarefuka katika tafsiri, na nambari ikabaki pale pale. Na kitabu kuidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ni jambo jema, lakini kunakuambia kwamba kinalingana na mtaala. Hakukuambii kwamba mwanao atakimaliza.

Sasa maneno yenyewe. Mtoto anayejisomea hutamka silabi moja moja, halafu hungoja sikio lake limwambie amefika wapi. Ja-ha-zi. Ukimtazama usoni wakati ule utaona neno linavyomfungukia, kwa kuwa jahazi analo tayari. Analiona kila siku likipita. Vivyo hivyo punda, changu, kofia, ukuta, mashua. Lakini "theluji" aliitamka sawasawa kabisa, akanitazama, hakupata kitu. Sisemi asisikie habari za theluji wala za gari moshi, Mungu apishe mbali. Hayo tutamsomea na tutamweleza, ili siku akikutana nayo peke yake yawe yamo sikioni. Vile vya kuanza navyo, viwe na maneno anayoyajua.

Kuna na jambo la lugha ya nyumbani. Yeye husema mato, kitwa, ndia, yaani macho, kichwa, njia, kama sisi sote. Kitabuni imeandikwa macho, yeye husoma "mato" na kuendelea mbele bila wasiwasi. Usije siku moja ukamsikia kwa simu ukamkaripia. Amelielewa neno. Akikisoma mara ya pili namwonyesha ile herufi, naye huitamka kama ilivyoandikwa, basi.

Nakuomba sana uelewe jambo hili: Kiswahili humruhusu mtoto kusoma kwa sauti nzuri bila kufahamu chochote. Wazazi husikia ulimi ukiteleza wakafurahi. Chuoni, mtoto anaposoma Kiarabu, kazi yake ya kwanza ni kutamka ipasavyo, na maana atafundishwa kwa wakati wake. Kitabu cha hadithi husomwa ili kieleweke papo hapo. Kwa hiyo akimaliza ukurasa simuulizi amejifunza nini. Namwambia tu, "Enhe, ikawaje?" Akinieleza kwa maneno yake, kitabu ni chake. Akinirudia silabi, ni kigumu, hata kama hakukosea neno.

Wataalamu wa usomaji wana kipimo ambacho nimekiona kinafaa. Katika maneno ishirini, akikwama kwenye moja tu, anaweza kuachiwa kitabu peke yake. Akikwama kwenye mawili, msome pamoja. Zaidi ya hapo, msomee wewe. Kwa kuwa wewe uko huko na yeye yuko huku, kabla hujalipa mwombe mwenye duka ruhusa, upige picha ukurasa mmoja wa katikati, uitume kwenye WhatsApp. Nitamkalisha barazani baada ya Alasiri akitoka chuoni, asome, nikujibu. Hilo litakuokolea pesa kuliko ushauri wangu wote.

Hadithi nayo iwe hadithi. Vile vitabu vya "Hiki ni kiti. Hiki ni kisu. Hiki ni kikombe" ni vyepesi, lakini hakuna anayetaka kitu ndani yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Marudio mtoto huyapenda yakiwa na jambo. Nilimwandikia kijitabu kwa karatasi nilizozishona: "Punda hataki kupanda. Baba anavuta. Punda hataki. Mama anasukuma. Punda hataki." Kinaendelea hivyo mpaka anakuja mtoto na ganda la tikiti. Amekisoma mpaka karatasi zimelegea. Kila akikirudia anasoma kwa kasi zaidi, na hapo ndipo usomaji wenyewe unapokaa. Kwa hiyo usihuzunike ukisikia bado yuko na kitabu kile kile. Tena ukipata vitabu viwili vitatu vya wahusika wale wale, chukua vyote, maana cha pili atakikuta nusu yake anaijua.

Uliniambia unataka vitabu vya maadili. Nami nayataka, na hapa nyumbani anayapata kwa bibi yake na kwa mwalimu wake wa chuoni. Lakini vitabu vinavyomaliza kwa kumgeukia mtoto na kumwonya huvisoma mara moja, akaviacha. Mpe kwanza vile atakavyovirudia.

Usidhani kila kitu ni cha kununuliwa. Vitabu vya Tusome, mpango wa kufundisha kusoma wa Kenya, vilivyoenezwa katika shule za umma tangu 2015 ili kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na chake, bado vinafaa ukivipata. Na African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili za bure mtandaoni, zimepangwa kwa ngazi tano, za chini kabisa zikiwa na neno au sentensi fupi kwa kila ukurasa. Ubora unatofautiana, kwa sababu waandishi na watafsiri ni wengi, kwa hiyo pitia mwenyewe kwa kile kipimo cha vitenzi. Zilizo nzuri zichapishe huko kwa rangi, karatasi nzito kidogo, maana hewa ya bahari haisamehe karatasi nyepesi.

Usijali akichagua chepesi kuliko umri wake, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani anayesoma magazeti. Vitano au sita vinatosha kwa sasa, viwili kati yake viwe vya mambo ya kweli, vya samaki au vya wanyama, kwa sababu juzi nimemkuta akisoma maandishi ya kwenye mashua moja moja na kuuliza kila jina lina maana gani. Vifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla ya katoni, vije kwa basi hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na mimi nitavuka kuvipokea. Ndani ya kila kimoja mwandikie kwa mkono wako sentensi moja, fupi, yenye jina lake, na herufi uzitenganishe vizuri. Atataka kuisoma mwenyewe.

Wako dadako,
Amu