Ndoana kwanza, fimbo baadaye

Tacoma, 18 Septemba

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na watoto wamesharudi shule. Barua yako imenifika, na nimefurahi kusikia kwamba siku hizi Jumamosi unashinda kwenye mto Skykomish ukivua badala ya kujifungia ndani. Malalamiko yako nayo nimeyasoma vizuri: koho, wale samoni, wanagonga, boya linazama, unavuta, mshipi unarudi mtupu. Nakujibu upesi kwa sababu msimu wa koho haukai. Novemba ikiisha, mambo yamekwisha.

Kwanza ujue samaki huyu hali chakula mtoni. Changu wa kwetu Shimoni anachukua chambo kwa njaa, anakivuta, anakitafuna, nawe unamsikia kidoleni. Samoni akishaingia mtoni kwenda kutaga, hamu ya kula humtoka. Akiuma, anauma kwa hasira au kwa mazoea, na akiona kitu hakifai anakitema papo hapo. Kwa hiyo zana zako zote zina kazi moja: ncha iingie kabla hajatema.

Ndiyo maana nakusihi usinunue fimbo mpya kabla hujabadilisha ndoana. Zile ulizonitumia picha ni za baharini, nene, za kupambana na kolekole. Ndoana nene inataka nguvu nyingi ipenye, na mtoni nguvu hiyo huna: fimbo inapinda, mshipi unavutika, kinachofika kwenye ncha ni kidogo sana. Jaribu hapo nyumbani. Chomeka ndoana yako kwenye boksi la kadibodi gumu, rudi nyuma hatua ishirini, vuta kwa fimbo vilevile unavyomvuta samaki, kisha nenda ukaangalie imeingia kiasi gani. Rudia kwa ndoana nyembamba namba 1/0 au 2/0. Sina haja ya kusema zaidi.

Na iwe kali kweli. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, iburute polepole. Ikiteleza, ni butu, inole au uitupe. Ikikwama na kuacha mchirizi mweupe, hiyo ni nzuri. Ipime hivyo kila inapogusa jiwe, na mto ule mawe hauna uhaba nayo. Koho dume, msimu wa kutaga ukikaribia, taya yake hupinda na kuwa ngumu, ndoana iliyochoka haipiti hapo.

Kile kijino cha nyuma ya ncha kiminye kwa koleo. Baadhi ya sehemu za mito ya jimbo la Washington kanuni inataka hivyo, lakini hata pasipotakiwa mimi hukiminya, maana ncha isiyo na kijino hupenya kwa urahisi zaidi. Tena utamfungua haraka koho ambaye hajakatwa lile pezi dogo lililo karibu na mkia. Wenye pezi huhesabiwa kuwa wa asili, kwani wanaozalishwa vituoni ndio hukatwa, na pale inapotakiwa kuwarudisha, wasitolewe majini kabisa. Naomba sana ulishike hilo, samaki wa asili si wengi.

Kuhusu mayai ya samoni unayotumia kama chambo: unafunga fungu kubwa mno. Uwazi wa ndoana ukijaa mayai, ncha inazama humo na samaki anauma mayai matupu. Fungu lisizidi ukubwa wa ukucha wa gumba, ulikaze kwa kile kitanzi cha mshipi juu ya shina la ndoana, na ncha ibaki nje, uione kwa macho. Ukitumia spina, kile chambo bandia chenye bati linalozunguka, toa ndoana ya ncha tatu uweke moja ya aina ya siwash, yenye shina refu. Nguvu ile ndogo isigawanywe mara tatu.

Sasa mshipi, na hapa ndipo naona samaki wako wengi wanapopotelea. Ukitumia boya, maji ya katikati yanakimbia kuliko ya kando, basi mshipi uliolala juu ya maji unapinda upinde mkubwa kuelekea mto unakokwenda. Boya likizama, wewe unavuta ule upinde, si samaki. Hadi unyooke, koho kashatema zamani. Weka mshipi wa kusuka wa ratili 30 kwenye rili, kwa sababu hauvutiki na unaelea, unaweza kuunyanyua na kuurusha nyuma kila unapoanza kupinda. Mwishoni unga nailoni au florokaboni ya ratili 12 hadi 15. Boya na chubwi viendane uzito: boya la nusu wakia, chubwi ya nusu wakia. Vikilingana hivyo, boya linazama kwa mguso mdogo tu. Likizama, zungusha rili mpaka usikie uzito, ndipo uvute kwa upande, fimbo chini, kuelekea mto unakokwenda, ili ndoana ishike pembe ya mdomo. Achana na kule kunyakua juu kwa juu.

Ukishafanya hayo yote na bado una pesa, nunua fimbo ya futi 9 na nusu, iliyoandikwa ratili 8 hadi 12 (hicho ni kipimo cha nailoni, ule wa kusuka wa 30 usikutie shaka), ncha laini na kitako chenye nguvu. Urefu utakusaidia kuunyanyua mshipi majini, na ulaini utamshika koho anapojipindua, maana hapo mshipi ukilegea kidogo tu, ndoana isiyo na kijino inachomoka.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nitapanda huko, in shaa Allah. Tukutane Monroe, ule mji wa kando ya mto, alfajiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo soma kanuni za dharura za Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, hubadilika katikati ya msimu. Mayai usinunue, nitakuja nayo. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Athumani